Maswali ya Wasomaji: Kuhamia na Kuishi Koh Samui

Safu hii inajibu barua za wasomaji wanaotaka kuhamia Koh Samui, kisiwa cha mkoa wa Surat Thani katika Ghuba ya Thailand, pamoja na wachache ambao tayari wanaishi huko. Fedha zote tumezitaja kwa baht, na ada za serikali ni zile zilizokuwa zikitozwa mwaka 2025.

Wahariri, salaam. Mimi na mume wangu tunataka kukaa Samui mwezi mmoja tukatazame hali kabla ya kuhamia. Yeye ameshikilia Februari kwa sababu bahari imetulia. Mnashauri mwezi gani?

Februari ni mwezi mzuri wa likizo lakini mbaya wa upelelezi. Mvua imekwisha, joto halijapanda, barabara ni kavu na kila nyumba inapendeza. Nendeni Novemba. Kati ya Oktoba na Desemba pepo za kaskazini-mashariki huvuka ghuba zikizoa unyevu na kuumwaga upande huo, na Novemba ndiyo kilele chake. Msichanganye na Phuket, iliyo upande wa Bahari ya Andaman: mvua zake ni za Mei hadi Oktoba. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu "visiwa vya Thailand" kwa kweli ni wa Phuket, na ukiufuata Samui utafika wakati usio wake.

Novemba mtaona maji yanapotuama. Katikati ya Samui ni milima, na pwani zake kubwa kama Chaweng na Lamai zina tambarare ya chini nyuma ya ufuo. Maji hushuka milimani kwa kasi, kisha yanakuta barabara na majengo yameziba njia zake za kwenda baharini. Tembeeni kwa miguu siku moja baada ya mvua kubwa, mkitazama kuta za nje za nyumba. Mstari wa tope uliokauka kwenye ukuta wa uzio unasema kweli kuliko dalali. Mkitaka kuuliza, muulizeni mwenye duka la jirani.

Wanaokimbilia kilimani kukwepa mafuriko wanakutana na jambo jingine. Njia nyingi za huko ni za zege zenye mwinuko mkali, na zikilowa huteleza. Tazameni pia ukuta unaoshikilia udongo nyuma ya nyumba. Ukuta salama una matundu ya kutolea maji, na wakati wa mvua maji yanatoka kwayo. Ukuta usio na matundu, au ambao matundu yake ni makavu huku mlima mzima umelowa, umebeba uzito wa maji yaliyonaswa nyuma yake. Ukiona umetunisha tumbo au una ufa wa mlalo, ondokeni.

Hata hivyo kalenda si amri. Machi 2011, mwezi ambao kwa kawaida ni mkavu, mvua kubwa zilifurika kusini mwa Thailand na wageni wakakwama Samui. Feri za kutoka Donsak, bandari ya upande wa bara, ambazo huchukua kama saa moja na nusu, husimamishwa bahari ikichafuka. Kwa hiyo wekeni akiba ya dawa, maji ya kunywa na chakula cha siku kadhaa kila msimu wa mvua unapoanza.

Nimeonyeshwa nyumba ya vyumba viwili Maenam, mkataba wa mwaka mmoja, amana ya miezi miwili. Dalali ananiharakisha nisaini wiki hii. Nikague nini?

Usisaini wiki hii, ndugu yetu. Nyumba za kupanga zipo, na haraka ya dalali ni faida yake, si yako. Rudi kwenye hiyo nyumba mara mbili zaidi: mara moja baada ya mvua, na mara moja usiku, saa tatu hivi, usikie mbwa, baa na pampu za majirani.

Anza na umeme. Uliza bili inatoka kwa nani. Ikiwa inatoka moja kwa moja kwenye shirika la umeme la mikoani, PEA, uniti moja huwa kati ya baht 4 na 5. Wenye nyumba wengi hujiwekea bei yao, baht 7 hadi 9. Tofauti hiyo si ndogo. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kisicho cha inveta, yaani kisichojirekebishia kasi, kinaweza kula uniti 7 kwa usiku wa saa nane. Kwa mwezi ni uniti 210: baht 945 ukilipa 4.5, baht 1,680 ukilipa 8. Hicho ni kiyoyozi kimoja tu, hujagusa friji wala pampu. Mara nyingi bei ya uniti ni rahisi kuijadili kuliko kodi yenyewe, basi ijadili kabla hujasaini, na iandikwe kwenye mkataba.

Ukiwa hapo, ingia bafuni. Vichemshio vya maji vya ukutani, vile vidogo vinavyopasha maji yakipita, ndivyo hatari kubwa ya umeme katika nyumba ya kupanga. Lazima kiwe na waya wa ardhi, na kiwe na swichi ya usalama yenye kitufe cha kujaribia. Kiwashe, kisha bonyeza kitufe hicho: umeme lazima ukatike papo hapo. Usipokatika, usikitumie kuoga mpaka fundi akibadilishe. Waya wa ardhi usiuamini kwa macho, kwa kuwa mara nyingine upo lakini mwisho wake umekatwa na kuachwa ndani ya ukuta. Mlipe fundi umeme aupime.

Umeme wenyewe hufika kisiwani kwa nyaya zinazopita chini ya bahari kutoka upande wa Khanom, bara. Desemba 2012 nyaya hizo zilipoharibika, Samui ilikaa gizani kwa takriban siku tatu. Jambo kama hilo ni nadra, ila kukatika kwa saa chache ni kawaida, hasa penye radi. Umeme ukikatika pampu husimama na maji nayo hukatika. Kwa hiyo uliza kama kuna tangi la juu linaloshusha maji kwa uzito wake. Kama halipo, weka pipa la lita 100 lenye mfuniko bafuni.

Maji yanatoka wapi? Hilo ndilo swali ambalo wapangaji wengi husahau. Kuna nyumba zenye bomba la mamlaka, kuna za kisima, na kuna zinazotegemea magari ya maji wakati wa kiangazi. Hesabu tangi: familia ya watu wanne wanaotumia lita 150 kila mmoja humaliza lita 600 kwa siku, hivyo tangi la lita 2,000 ni la siku tatu na kidogo. Visima vilivyo karibu na ufuo huingiwa na chumvi vikivutwa sana, kwa sababu maji matamu yakipungua ya bahari husogea kuchukua nafasi yake. Onja tone moja na uteme, halafu tazama kichwa cha bomba la mvua: ganda jeupe ni chokaa au chumvi, kutu ya rangi ya chungwa ni madini ya chuma. Kwa vyovyote, maji ya bomba si ya kunywa. Watu hununua ya madumu ya takriban lita 19 yanayoletwa nyumbani.

Kisha funga mabomba yote ya nyumba na usikilize pampu kwa dakika 15. Ikijiwasha yenyewe, kuna mahali panapovuja. Mara nyingi ni valvu ya choo au bomba lililo chini ya sakafu, na anayelipa uniti hizo ni wewe. Vuta maji kwenye vyoo vyote kwa pamoja. Kikiguguma au kikashusha polepole, shimo limejaa au maji ya ardhini yamepanda. Novemba ndio mwezi wa vyoo kurudisha.

Jambo la mwisho, kabla hujatoa amana: muulize mwenye nyumba kama atawasilisha fomu ya TM30. Kisheria yeye ndiye anayepaswa kuiarifu Uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba kuna mgeni amelala kwake. Asipofanya hivyo, wewe ndiwe utakayerudishwa dirishani siku unapokwenda kuongeza muda wa kukaa. Mwenye nyumba anayekwepa swali hili huenda anakwepa na mengine. Akikubali, mwombe nakala ya kitabu cha usajili wa nyumba na ya kitambulisho chake, zote zikiwa na sahihi.

Siku ya kupokea funguo, piga video kila chumba ukianzia kwenye mita ya umeme na ya maji, namba zionekane. Madoa, nyufa, mikwaruzo ya sakafu, vyote. Mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Amana nyingi hupotea kwa kugombania kiyoyozi kichafu na kuta zenye ukungu, basi mkataba useme wazi nani anasafisha viyoyozi na kila baada ya miezi mingapi.

Viatu vyangu vya ngozi vimeota ukungu, nguo kabatini zinanuka, na kiyoyozi nakiwasha 18 mchana na usiku. Nakosea wapi?

Dada, kiyoyozi ulichoweka 18 kinapoza kuta na sakafu mpaka zinakuwa baridi kuliko hewa ya nje. Kila mlango unapofunguliwa, hewa yenye unyevu inaingia, inagusa ukuta wa baridi na kuacha maji. Ukungu unakua kwenye maji hayo. Panda hadi 25 au 26, fungia madirisha ya chumba hicho, na utumie hali ya kukausha hewa wakati hakuna joto kali.

Kuna pia uwezekano kwamba kiyoyozi ni kikubwa kupita chumba. Kikubwa hupoza haraka kikajizima kabla hakijatoa unyevu wa kutosha, chumba kikawa baridi na chepechepe. Kwa chumba cha mita za mraba 12 hadi 16, BTU 9,000 hadi 12,000 zinatosha.

Nunua kipima unyevu kidogo, cha bei nafuu, ukitundike kabatini. Lenga chini ya asilimia 60. Ikishindikana, mashine ya kuondoa unyevu yenye uwezo wa lita 20 kwa siku itafanya kazi ambayo kiyoyozi hakiwezi, na bila kukugandisha. Sogeza kabati sentimita tano kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje. Usirudishe ndani nguo iliyovaliwa hata saa moja. Jasho ni chakula cha ukungu. Viatu vya ngozi, kamera na lenzi viweke kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na chembe za silika, unyevu ukiwa kati ya asilimia 40 na 50. Chembe hizo zikibadilika rangi zikaushe kwenye oveni, zinarudi kazini.

Kichujio cha kiyoyozi kioshe kila baada ya wiki mbili. Fundi aoshe mashine yote kila miezi minne au sita. Kikianza kudondosha maji ndani ya chumba, usikimbilie kusema gesi imekwisha. Mara nyingi ni ute mzito ulioziba bomba la kutolea maji. Fundi huuvuta kwa mashine kutoka mdomo wa nje wa bomba na kazi inaisha kwa dakika chache. Fundi anayetaka kujaza gesi kila anapokuja bila kutafuta inapovujia anakuuzia tatizo lilelile kila mwaka.

Shikamooni. Nina miaka 56 na nimestaafu. Nikitaka kukaa Thailand mwaka hadi mwaka, natakiwa kuwa na nini, na watu huharibu wapi?

Mzee wetu, njia inayotumiwa zaidi ni viza ya Non-Immigrant O, kisha kuongezewa mwaka mmoja mmoja kwa sababu ya kustaafu. Umri ni kuanzia miaka 50. Unaonyesha baht 800,000 kwenye benki ya Thailand kwa jina lako peke yako, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko wa vyote viwili unaofikia 800,000 kwa mwaka. Ada ya kuongeza ni baht 1,900.

Watu huharibu kwenye tarehe za benki. Fedha ziwe zimekaa miezi miwili kabla ya siku ya maombi. Baada ya kukubaliwa, zibaki zote kwa miezi mitatu. Baada ya hapo unaweza kutumia, lakini salio lisishuke chini ya 400,000 siku yoyote, na miezi miwili kabla ya maombi yajayo lirudi 800,000. Anayetoa baht 5,000 tu katika mwezi wa pili amevunja sharti sawasawa na aliyetoa laki tatu. Ushauri wetu: fungua akaunti ya pekee kwa ajili ya fedha hizi, usiwe na kadi yake mfukoni, na matumizi ya kila siku yawe kwenye akaunti nyingine. Siku ya maombi fika na barua ya benki pamoja na kitabu cha akaunti kilichochapwa asubuhi hiyohiyo.

Kisha kuna taarifa ya siku 90, fomu TM47. Inawasilishwa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baada yake. Ukichelewa ni faini ya baht 2,000. Haiongezi muda wa viza, ni taarifa ya anwani tu, na wapo wanaochanganya mambo haya mawili wakajikuta wamepitiliza muda. Kupitiliza ni baht 500 kwa siku hadi kikomo cha 20,000, na zaidi ya siku 90 unaweza kupigwa marufuku kuingia tena. Ukitoka nchini, hesabu ya siku 90 huanza upya unaporudi. Lakini usitoke bila kibali cha kuingia tena: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila hicho, mwaka wako wote uliopewa unafutika pale mpakani.

Moja zaidi kwa anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda: Thailand hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia.

Ninafanya kazi kwa kompyuta kwa kampuni ya nje. Rafiki yangu pia ana mgahawa Bophut na anataka nimsaidie jioni, bila malipo. Kuna shida?

Kazi yako ya kompyuta ina viza yake tangu Julai 2024, inaitwa DTV. Ni ya miaka mitano, kila ukiingia unakaa hadi siku 180, mwombaji awe na miaka 20 au zaidi na aonyeshe baht 500,000. Inaombwa ukiwa nje ya Thailand, na haikuruhusu kumfanyia kazi mwajiri wa Thailand.

Mgahawani usiguse hata trei. Kutolipwa hakukuokoi, kwa macho ya mkaguzi, mgeni anayehudumia meza bila kibali anafanya kazi. Rafiki yako naye ataadhibiwa. Akikutaka kweli, kampuni yake ikuombee kibali: kwa kawaida iwe na mtaji uliosajiliwa wa baht milioni mbili na Wathai wanne walioajiriwa kwa kila mgeni mmoja. Na zipo kazi ambazo mgeni hapewi kabisa, kama kukata nywele, kuongoza watalii na masaji ya Kithai.

Angalia na kodi. Ukikaa Thailand siku 180 au zaidi katika mwaka wa kalenda, wewe ni mkazi wa kikodi, na tangu Januari 1, 2024 kipato cha nje unachokiingiza nchini kinahesabiwa. Kilichopatikana kabla ya tarehe hiyo hakiguswi, mradi uweze kukithibitisha, basi hifadhi taarifa za benki za Desemba 2023.

Nimeambiwa naweza kununua kiwanja kwa kufungua kampuni yenye wanahisa wa Kithai ambao hawatoi fedha. Wakili anasema kila mtu anafanya hivyo.

Badili wakili. Mgeni hamiliki ardhi Thailand, na Mthai anayeshika hisa kwa niaba ya mgeni bila kuweka fedha yake ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Biashara za Wageni ya 1999: kifungo hadi miaka mitatu, au faini ya baht 100,000 hadi milioni moja, au vyote viwili. Samui na jirani yake Phangan zimekuwa zikikaguliwa kwa jambo hili hasa miaka ya karibuni. Ukigundulika, ardhi itauzwa kwa amri, na wanahisa wako hawana sababu ya kukulinda.

Yanayowezekana ni haya. Fleti katika jengo la kondomini, mradi wageni hawazidi asilimia 49 ya eneo lote la fleti, na fedha iwe imeingia kutoka nje kwa sarafu ya kigeni na benki ikatoa uthibitisho. Au kukodi ardhi kwa mkataba wa hadi miaka 30. Mkataba wowote unaozidi miaka mitatu lazima usajiliwe Ofisi ya Ardhi, kwa ada na ushuru wa asilimia 1.1 ya kodi yote. Usiposajiliwa, mahakama itautambua miaka mitatu tu. Ahadi ya "miaka 30, kisha 30, kisha 30" inayoandikwa kwenye vipeperushi haina nguvu ya kusajiliwa leo. Lipa bei ya miaka 30, si ya 90.

Mkataba wa kukodi hufa na mpangaji. Ukiwa na mke, mume au watoto, dai kifungu cha warithi, na hata hapo ni afadhali jina la mwenzio liwemo tangu mwanzo. Nyumba utakayoijenga inaweza kuwa yako ingawa ardhi si yako, kwa kusajili haki ya kujenga juu ya ardhi ya mwingine kwenye hati hiyohiyo. Hati ya kudai ni chanote, yenye alama nyekundu ya garuda, ndege wa hadithi aliye nembo ya taifa, na mipaka iliyopimwa. Hati za daraja la chini waachie wenye miaka ya kupoteza mahakamani.

Na panga kwanza angalau msimu mmoja kamili wa mvua kabla ya lolote kati ya haya. Hili tunalisisitiza kuliko vifungu vyote hapo juu.

Nitakodi pikipiki ya otomatiki. Nimewahi kuendesha gari tu. Nizingatie nini?

Pikipiki ndiyo inayoua na kulemaza wageni wengi kisiwani, kwa hiyo tutakuwa wakali. Leseni ya gari haitoshi. Kibali cha kimataifa lazima kiwe na mhuri wa daraja la pikipiki. Bila huo, bima yako ya afya ina haki ya kukataa kulipa, hata kama aliyekugonga ndiye mwenye kosa. Bima ya lazima inayokuja na pikipiki hulipa matibabu hadi baht 80,000 kwa aliyeumizwa, lakini 30,000 tu kwa aliyesababisha ajali. Mfupa wa paja uliovunjika, katika hospitali binafsi, unavimaliza viwango hivyo upesi.

Ukiwa na viza ya kukaa, chukua leseni ya Thailand. Unahitaji pasipoti, cheti cha makazi, cheti cha daktari, na kupimwa rangi, kasi ya kuitikia na kukadiria umbali. Ya kwanza ni ya miaka miwili, inayofuata ni ya mitano.

Sasa kushuka mlima, ambako wengi huangukia. Pikipiki ya otomatiki ina klachi inayoachia pale mzunguko wa injini unapopungua sana. Ukifunga mafuta kabisa kwenye mteremko, inakuwa kama baiskeli nzito isiyoshikwa na injini. Breki ya nyuma ya ngoma hupata moto, hulegea, na hapo umebaki na ya mbele kwenye zege lililolowa. Fungua mafuta kidogo mno mpaka uhisi injini inashika, kisha funga taratibu. Injini sasa inakuzuia. Breki zote mbili zishikwe kwa pamoja, kwa kubana na kuachia. Kabla ya kukodi, shuka mteremko mfupi uzijaribu.

Mchanga kwenye kona za barabara ya 4169, ile inayozunguka kisiwa, ni wa mwaka mzima. Dakika za kwanza za mvua baada ya siku kavu ndizo zinazoteleza kuliko zote, kwa kuwa mafuta ya lami huelea. Simama chini ya paa usubiri. Helmeti ni ya dereva na abiria, faini hufika baht 2,000. Na pasipoti usiiache kwa mkodishaji kama dhamana. Toa fedha taslimu na nakala, au nenda duka jingine.

Mtoto wetu ana homa kali siku ya pili na mbu ni wengi mchana. Ni dengi? Na baharini tuogope nini?

Mama, mpeleke kituo cha afya leo, kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu. Kipimo cha damu kiitwacho NS1 kinaonyesha dengi katika siku tano za mwanzo. Mpe parasetamo kwa uzito wake na maji mengi; usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu. Jihadhari zaidi homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba: hapo ndipo mishipa huvujisha maji na wazazi hudhani mtoto amepona. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu, usingizi usio wa kawaida au mikono ya baridi: hospitali mara moja. Namba ya dharura ya matibabu nchini ni 1669.

Mbu wa dengi huuma mchana na huzaa kwenye maji safi yaliyotulia, yakiwemo yale ya sahani ya chungu cha maua na trei ya nyuma ya friji. Yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi, kwa hiyo mwaga na kusugua kila wiki siku ileile. Kusugua ni muhimu, mayai hushika ukutani mwa chombo. Pipa la kuhifadhia maji lisilofunikika litiwe chembe za temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, za asilimia 1, gramu 1 kwa kila lita 10.

Baharini, ghuba ina konyeza wa umbo la sanduku, asiyeonekana vizuri majini, ambaye sumu yake inaweza kusimamisha moyo kwa dakika chache. Mvalishe mtoto nguo ya kuogelea ya mikono na miguu mirefu, inatosha kuzuia sehemu kubwa ya michomo. Fukwe kadhaa zina nguzo zenye chupa za siki. Mtoto akichomwa, mtoe majini, mwaga siki mfululizo kwa sekunde 30 au zaidi, usisugue, usimwagie maji matamu kwa kuwa huamsha vijifuko vya sumu ambavyo havijapasuka. Akiacha kupumua, anza kumsukuma kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika huku mwingine akipiga 1669. Bendera nyekundu Chaweng na Lamai wakati wa pepo za kaskazini-mashariki inahusu mikondo inayovuta mtu kwenda kilindini. Ukinaswa, usipigane nayo. Ogelea sambamba na ufuo mpaka ikuachie.

Kwa ufupi: sigara ya umeme inaruhusiwa? Nyoka akiingia ndani je?

Sigara ya umeme imekatazwa, kuiingiza nchini ni kosa; iache nyumbani. Nyoka usimpige. Funga mlango wa chumba alichomo, ziba chini yake kwa taulo, toa watoto na mbwa, kisha piga 199 waje waokoaji. Wamezoea kazi hiyo. Kifutu wa Malaya, wa rangi ya kahawia yenye pembetatu nyeusi mgongoni, hukaa kimya juu ya majani makavu asisogee hata ukimkaribia, ndiyo maana watu humkanyaga. Usiku vaa viatu vilivyofunika mguu na ushike tochi hata kama unakwenda getini tu. Ukiumwa, usikate wala usifunge kwa kamba: vua pete na saa, tuliza mguu, piga nyoka picha kwa mbali ukiweza, na uende Hospitali ya Koh Samui, ya serikali, iliyo upande wa Nathon.